Sagal Alipoiuliza Simu Kuhusu Younis

"Sagal, huyu ni nani unamuuliza kama uolewe na mimi?"

Sagal aliacha kukunja abaya dukani kwake. Alikuwa amempa mchumba wake simu aangalie picha za mapambo, maana nikaha yao ilikuwa Ijumaa na leo ilikuwa Jumatano. Hakukumbuka alichokuwa ameacha wazi.

"Si mtu, Younis. Ni ile AI. Ayan aliniwekea."

"Ati si mtu?" Younis akasoma kwa sauti, wateja wakisikia: "'Nampenda sana, lakini nikimkosea ananyamaza hata wiki. Naogopa. Bado niolewe naye?' Sagal! Umenisema kwa mashine?"

"Angalau hiyo mashine hainuni!"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Younis aliweka simu polepole juu ya kabati la vioo, akachukua funguo za lori, akaondoka Meru na mzigo wake wa unga kwenda Kianjokoma, kule Embu.

Sagal akampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Akaandika: "Younis, tafadhali shika simu." Tiki mbili za buluu. Kimya.

"Umeona sasa?" alimlilia mdogo wake, Ayan, jioni hiyo. "Hii ndiyo nilikuwa naogopa! Na wewe ndiye uliniletea hiyo kitu. Nilikuambia sitaki, siri za watu hatujui zinaenda wapi."

"Lakini si ndiyo inakuandikia Kiingereza cha kuwatumia wauzaji wa Dubai? Ulisema imekuokoa."

"Imeniokoa kwa duka. Kwa mapenzi imenimaliza."

"Basi iulize utafanya nini."

Sagal alitaka kukataa, lakini vidole vilishaanza. Akaandika yote. Jibu likaja:

"Mimi simjui Younis, wewe unamjua. Haya uliyoniambia, amewahi kuyasikia kutoka kwako?"

Sagal akacheka huku machozi yanamtoka. "Hata hii imenifukuza niende kwake!"

Akabonyeza kipaza sauti, akamrekodia Younis:

"Sikiza mpaka mwisho. Marehemu baba alikuwa ananyamaza hivyo hivyo. Hooyo, mama wa watu, anapika, anaweka sahani, hajui amekosa nini. Mimi nimelelewa na mama anayeongea na ukuta. Nakupenda, wallahi, lakini sitaki kuolewa na ukuta. Nilikosea kuambia simu kabla yako. Niliogopa ukinuna hutarudi."

Haikuchukua muda, simu ikaita! Sagal nusura aiangushe.

"Niko Kianjokoma," Younis alisema, mvua ikipiga mabati nyuma yake. "Wanashusha mzigo."

"Nakusikia."

"Sagal, kwetu watu wakikasirika walikuwa wanatukanana, wanarusha mpaka vyombo. Nikaapa mimi nitafunga mdomo. Nilidhani nakulinda."

"Kumbe! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliuliza simu."

Sagal akapasuka kwa kicheko, na Younis naye akashindwa kujizuia.

"Fanya hivi," Sagal alisema. "Ukikasirika sema tu, 'Nimekasirika, nipe mpaka jioni.' Hayo tu."

"Nimekasirika, nipe mpaka jioni," Younis alirudia kama mtoto wa madrasa. "Hiyo naweza. Na hiyo AI utaiacha?"

"Sitakudanganya. Ya duka nitatumia. Hata nikiunguza wali nitaiuliza. Bado siiamini sana, lakini inanisaidia. Mambo yetu ndiyo sitaipelekea tena. Yatakuja kwako kwanza."

"Hata ukinichukia?"

"Hasa nikikuchukia!"

"Basi nikirudi nionyeshe vile inafanya kazi. Mimi naandikianga wenye mizigo, na Kiingereza kinanitoa jasho."

Ijumaa nyumba ilijaa. Wanawake walikuwa ndani na hina zao na uturi, wanaume nje chini ya hema. Kullow, ndugu ya marehemu baba yake, akaja mlangoni.

"Sagal, binti yangu, Younis anakuomba. Umekubali?"

Hakusita hata kidogo. "Nimekubali, adeer."

Kullow akarudi hemani. Ndani wakatulia wote kusikiliza, Ayan amemshika dada yake mkono. Sheikh akaanza kumsomea Younis. Hakufika hata kwenye mahari, sauti ikavuka ukuta:

"Nimekubali! Wallahi nimekubali!"

"Ngoja nimalize, kijana!"

Hema zima likaangua kicheko, na ndani vigelegele vikalipuka mpaka majirani wakatoka nje kuangalia.