Waliolala Zizini kwa Mzee Ngusa

Siku ile ilianza kwa sufuria ya michembe. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, pamba imeshavunwa, na hapa Bariadi upepo ulikuwa unapeperusha vumbi tu, hauna kazi nyingine. Nilikuwa barazani kwangu, tumbo limekaa mbele na mimi nyuma yake, nikimfundisha shemeji yangu kula viazi vilivyokaushwa bila kuvunja jino.

Shemeji huyo ni Marcelo, mume wa mdogo wangu Pelagia. Ni mtu wa Chile, nchi ndefu na nyembamba kama mkanda wa suruali nisiyoingia tena. Walikutana Arusha, wakaoana, wakahamia Chile. Na wote wawili wana ugonjwa mmoja: kila likizo wanafunga hema kwenye baiskeli, wanaenda nchi za watu kulala porini kwa hiari yao. Wamelala jangwani Namibia. Wamelala kwenye milima ya barafu. Mwaka huu Marcelo alitaka aone kwao mkewe, ila aone kutokea ndani ya hema.

Mimi niliendesha malori miaka ishirini na miwili. Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura, mpaka Beira. Nimelala chini ya lori mara nyingi kuliko kitandani kwangu, na mke wangu anasema ndiyo maana ndoa imedumu. Mtu aliyetembea hivyo hujiona anajua. Hapo ndipo inapoanzia hasira ninayowasimulia, na msishangae ikiwa sehemu kubwa yake ni ya kwangu mwenyewe.

"Kaka," Pelagia akaniuliza, "kule kwetu Kimali kuna mahali pazuri pa kupiga hema?"

Nikasema papo. Kuna itongo la mzee Ngusa, mji uliohamwa kabla sijazaliwa. Nyumba zilishaanguka, lakini zizi bado limezungukwa na minyaa mirefu, upepo haupiti. Chini ni tambarare, laini, samadi ya miaka mingi imegeuka udongo.

Pelagia akaacha kutafuna. "Si ndimo alimozikwa?"

Ndimo. Kwetu zamani mwenye mji alizikwa zizini, pale langoni, ng'ombe wampite juu asubuhi wakitoka na jioni wakirudi. Wazee walisema haachi kuwahesabu. Hayo nayajua tangu nikichunga. Lakini Marcelo alikuwa ananitazama, na mimi mtu wa Lubumbashi na Beira nikaona haya mgeni asije akaniona mshamba. Nikacheka. Nikasema ni hadithi za kutishia watoto wasinywe maziwa ya ndama.

Kicheko kile nikikikuta njiani leo nitakizaba kofi.

Nikawapeleka kwa pikapu yangu, baiskeli nyuma. Jirani wa itongo lile ni Nkinda, mjukuu wa marehemu. Tumechunga pamoja tukiwa wadogo. Alitukuta hema linasimamishwa.

"Mwadila, Athanasi."

"Mwadila, Nkinda. Mhola?"

"Mhola duhu." Akatazama hema, akatazama minyaa. Akanisogelea. "Watalala humo?" akanong'ona. "Waje kwangu. Nyumba ipo."

"Hawa wamelala na simba," nikasema kwa sauti, Marcelo asikie. "Babu yako atawaweza?"

Nkinda hakucheka. "Wewe ndiye umetembea," akasema, akaenda zake.

Nilipogeuza gari, Marcelo alikuwa anagongea kigingi cha hema. Jiwe alilogongea lilikuwa bapa, jeusi, na alilitoa langoni. Nililiona. Nikapiga honi ya kuwaaga, nikaondoka.

Kesho yake saa nne asubuhi niliwafuata. Marcelo alikuwa anafunga mizigo huku anapiga mluzi. Pelagia alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja ubavuni, uso ameuelekeza langoni.

"Mmelalaje?"

"Vizuri, kaka. Ng'ombe walikuwa wengi."

"Wa Nkinda?"

"Sijui. Nilisikia wanapumua tu. Pande zote."

Marcelo akasema hakusikia kitu, alilala kama gunia. Nikamwinua dada yangu, kitambaa chake cha kichwa kikateleza. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo. Pembe tatu, kwenye ncha, safi kama limepitiwa na mkasi.

Hakukuwa na damu. Lilikuwa limeshapona.

Mchungaji yeyote wa huko kwetu Meatu anaujua mkato ule. Ndiyo alama ya ng'ombe. Kila mji una wake.

Bariadi daktari aliliangalia akasema ni kovu la utotoni. Nilimbeba mtoto huyu mgongoni mpaka shati likatoboka. Masikio yake nayajua. Yalikuwa mazima.

Jioni ile tulikuwa tunakula. Ng'ombe wa jirani wakapita wakirudi, kengele moja inalia. Pelagia akaweka tonge chini, akainuka, akatoka. Tukadhani anaenda msalani. Marcelo alimkuta ameshavuka uzio, anatembea. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea tu, kichwa ameinamisha kidogo.

Jioni ya pili tulimpata mbali, kwenye barabara ya Nkololo, ile ya kwenda Kimali, peku. Marcelo alimshika mkono, akamwita kwa lugha yao, akamwita kwa Kiswahili chake kibovu. Hakugeuka. Ilibidi nimpandishe garini kwa nguvu, mimi mzee mzima nalia kama mtoto.

Jioni ya tatu tulifunga geti. Akasimama mbele yake, paji la uso amelibandika kwenye bati. Nikaenda kumchungulia.

Alikuwa anatafuna. Taratibu, taya linaenda upande.

Mdomoni hamkuwa na kitu.

Alfajiri niliwasha gari kwenda Kimali. Njia nzima nilikuwa natukana. Nilimtukana Nkinda, nilimtukana Ngusa na mifupa yake, nilimtukana Marcelo na hema lake la rangi ya machungwa. Nilipofika kwa Nkinda sikusalimia.

"Ulijua."

"Nilijua," akasema.

"Ukanyamaza."

"Ulicheka, Athanasi. Mbele ya mgeni. Ulitaka niseme nini tena, unicheke mara mbili?"

Nilitaka kumpiga. Mkono ulifika nusu ya njia ukakosa sababu. Nkinda akaushusha polepole, akanivuta nyuma ya ghala.

"Kinacholala zizini ni mali ya mwenye zizi," akanong'ona. "Babu hajui mtu na ng'ombe tena. Anajua waliolala ndani na wasiolala. Asubuhi huwatoa. Jioni huwarudisha. Siku dada yako atakapofika hapa kwa miguu yake, akaingia mwenyewe, usimtafute."

"Nimtoeje?"

"Ng'ombe hatoki mikononi mwa Msukuma bure. Wanabadilishana. Leta mtamba. Mlete na dada yako. Asubuhi, saa za kutoka. Na usiombe. Babu hakupenda wanaoomba."

Nina ng'ombe wachache Nkololo. Nikamchukua mtamba mwekundu mwenye nyota usoni, niliyempenda kuliko wote. Kesho yake, jua likiwa limepanda kidogo, tulikuwa langoni: mimi, Pelagia, Marcelo, Nkinda na mtamba. Marcelo alikuwa amekubali kuja kwa sababu hajalala siku tatu, si kwa sababu anaamini. Jiwe jeusi Nkinda alishalirudisha mahali pake, juu ya kaburi. Akaniambia niseme jina langu na kosa langu.

Basi nikasema. Na nilipoanza, hasira ikanishika, ikasema yenyewe.

"Mzee Ngusa. Mimi Athanasi. Mjinga mnene uliyempa maziwa ya bure kwa mkono wa mwanao, akala, akakua, akaja kukuchekea langoni. Kosa ni langu. Huyu hakukosa. Una zizi tupu miaka hamsini na bado una tamaa. Huoni aibu? Chukua mtamba, achia mtoto wa watu. Tusisumbuane."

Nkinda alifumba macho. Nadhani alikuwa anangoja nife.

Upepo ukakata. Minyaa ikatulia. Mtamba akanyanyua masikio, akaingia mwenyewe, hakuna aliyemswaga.

Halafu vumbi likainuka ndani ya zizi. Si kimbunga. Liliinuka chini chini, usawa wa magoti, kama linavyoinuliwa na kwato. Likaja langoni. Likatupita. Kitu chenye joto kikanisugua nyonga, kikapita. Kingine. Kingine. Harufu ya ng'ombe ikanijaa puani, na mbele ya macho yangu hakuna kitu.

Nikasikia sauti. Ya mzee. Chini, karibu na miguu yangu.

"Imo. Ibili. Idatu."

Ilikuwa inahesabu. Pelagia akaanza kutembea na vumbi. Nikamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa na nguvu ambazo si zake. Sauti ikaendelea, ikapita ishirini, ikapita thelathini. Ikafika kwa mtamba wangu. Ikatua kidogo.

Pelagia akalegea mikononi mwangu. "Kaka," akasema, "mbona unanibana?"

Nikalia bila aibu. Vumbi likateremka bondeni na kupotea. Mtamba hakuwemo zizini. Hakuwepo popote.

Lakini sauti haikuwa imemaliza. Ilirudi mwanzo. Imo, ibili, idatu. Ikafika palepale mwishoni. Ikasimama. Ikangoja.

Nkinda akanishika bega. "Walilala wangapi humu?"

"Wawili."

"Umeleta mitamba mingapi?"

Tukamgeukia Marcelo. Alikuwa anamfuta mkewe vumbi usoni. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima, mekundu kwa jua.

"Dume hakatwi sikio mapema," Nkinda akanong'ona. "Babu alikuwa anawaacha wapevuke kwanza."

Nikamwambia Marcelo tusiondoke. Nikamwambia namleta dume mmoja leo leo, yeye asimame tu langoni kama mkewe alivyosimama, dakika kumi. Pelagia akamtafsiria. Uso wa Marcelo ukabadilika. Kwa siku tatu alikuwa ameogopa, na sasa woga ulipata mtu wa kumwangukia.

"Wewe," akaniambia, kwa Kiswahili chake kile kile, pole pole, kila neno linauma. "Wewe umemtisha mke wangu. Wewe na ng'ombe. Siku ya kwanza ulicheka. Leo unasema kweli. Lini wewe mwongo?"

Nimejibu maafisa wa mipaka saba katika maisha yangu, wenye bunduki na wasio nazo. Huyu nilimshika shati, nikamvuta kuelekea langoni, akanisukuma nikaanguka kwenye minyaa, utomvu ukaniingia jicho moja. Pelagia akatutenganisha kwa mikono. "Inatosha, kaka. Umeshatuleta mara moja."

Kesho yake waliondoka Bariadi. Hawakuniaga vizuri.

Jumapili nilirudi Kimali na dume. Nikamsimamisha langoni, nikataja jina langu, nikataja kosa langu. Dume akagoma. Nilimsukuma, Nkinda akavuta kamba, akagoma. Marcelo mwenyewe hayupo, Nkinda akasema, utambadilisha na nani? Nikamrudisha dume nyumbani. Mpaka leo nimemfunga uani, anakula majani yangu na kunitazama. Hakuna ndege inayopakia dume mpaka Chile. Nimeuliza. Walinicheka.

Nilimpigia Pelagia kila wiki. Alikuwa mzima, anakula, anatania. Sikio bado lina pengo lakini jioni haendi popote. Nilipomwuliza habari za mumewe alinijibu kwa mkato. Mwezi wa nane akaniambia wanaenda milimani kwao, ni majira ya theluji huko, Marcelo amepata nguvu sana siku hizi, shingo imejaa, shati halifungi.

"Masikio yake?" nikauliza.

"Kaka, anza tena tukosane."

"Mwangalie tu, mdogo wangu. Mimi sicheki."

Siku nne baadaye nikaamka asubuhi nikakuta ujumbe wake kwenye simu. Aliuandika vibaya, herufi zimegongana. Marcelo alitoka hemani jioni, jua linazama. Pelagia alimwita, hakugeuka. Alimfuata mpaka akaishiwa pumzi. Waokoaji walipanda kumtafuta. Walipokuwa wanashuka mikono mitupu ndipo alipopiga picha, akaituma kwangu, akaandika: kaka, hiki ni nini.

Nimeiangalia picha ile mpaka macho yanauma. Theluji tupu, mlima umesimama, hakuna mti, hakuna uzio, hakuna mji kwa mwendo wa siku mbili. Alama za viatu vya Marcelo zinatoka hemani moja kwa moja, hazipindi. Baada ya hatua ishirini kwato zinaingia, kushoto na kulia, nyingi, zinamweka katikati.

Na nyuma ya kwato zote, nyayo za mtu mmoja. Peku.

Kando ya kila unyayo wa kulia kuna tundu dogo la duara, pale fimbo ilipochomekwa.