Daftari la Kalista

Mwaka 2006, huko China, Domina alikuwa mtu wa mbio. Asubuhi alimfikisha bintiye Kalista, wa miaka minane, kwenye geti la shule karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Muda si mrefu yuko Guangyuan Xilu, kwenye maghorofa ya nguo, anapekua suruali za jinzi na kubishana na malaoban, yaani wenye maduka. Jioni marobota yamefungwa, miguu imevimba. Mumewe, Heriel, alibaki Moshi kuyapokea.

Kila siku Kalista alirudi na daftari la njano. Ndiyo desturi ya shule za huko. Mwalimu anaandika habari za mtoto, mzazi anasoma, anatia sahihi. Lakini daftari liliandikwa Kichina. Domina alijua Kichina cha sokoni tu: bei gani, punguza, sitaki. Kusoma hakujua.

Basi akafanya kama alivyozoea kwenye karatasi za mizigo. Alikuwa na muhuri wa mpira, wenye alama ya marobota yake. Akagonga. Wiki ya tatu akachoka, akampa mtoto agonge mwenyewe.

"Mama, leo mwalimu kaandika mengi."

"Umefanya fujo?"

"Hapana."

"Basi gonga, ule, ulale."

Hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi.

Ijumaa moja ya Machi ikaja barua yenye muhuri mwekundu wa shule. Hiyo Domina aliiogopa. Akapanda ngazi hadi kwa Khatib, kijana wa Pemba aliyekuwa akisomea ualimu huko kwa msaada wa masomo. Kichina alikisoma vizuri.

"Karibu, Mama Kalista. Mbona unahema?"

"Nisomee hii, mdogo wangu."

Khatib akasoma kimya, kisha akakuna kidevu. "Jumatatu Kalista anarudishwa darasa la kwanza."

"La kwanza! Mwanangu yuko la pili! Kafanya nini?"

"Wanasema hafuati masomo. Na wanasema walikuandikia mara nyingi. Daftari liko wapi?"

Domina akalileta. Khatib akafungua.

"Oktoba. Kalista haitiki akiitwa."

"Mtundu huyo."

"Subiri, dada. Novemba. Sikio la kushoto linatoa usaha, tafadhali mpeleke hospitali." Akafunua tena. "Desemba, usaha. Januari, usaha, na sasa analia kwa maumivu. Na kila ukurasa una muhuri wako. Mwalimu kaona umesoma, umenyamaza."

Domina akajishika kichwa. "Usaha niliuona. Nikapangusa na kanga. Nikasema ni maji ya kuoga."

"Hapa kaandika alikupigia simu mara tatu. Kila mara ulisema *bu yao*, ukakata."

Domina akakumbuka. Sauti ya mwanamke, namba ngeni, Kichina cha haraka. Alidhani ni laoban anamtembezea mzigo. *Bu yao*, sitaki. Mwalimu alikuwa akimweleza habari za mwanawe, naye akijibu sitaki, sitaki, sitaki. Akakaa chini sakafuni, akalia.

"Kulia utalia baadaye," Khatib akasema. "Hospitali ingali wazi. Mchukue mtoto twende."

Daktari alichungulia masikio yote mawili. Ngozi ya ndani ya sikio la kushoto ilikuwa imetoboka na kuoza. Sikio lile halitasikia tena vizuri. La kulia lilikuwa limeanza kuugua, lakini lingepona kwa dawa.

"Mngekuja Novemba," daktari akasema, "yote mawili yangepona."

Jumatatu Domina hakwenda sokoni. Alikwenda shuleni, Khatib akiwa mkalimani wake. Mbele yao walikaa mkuu wa shule na Mwalimu Lin, msichana mpole aliyeandika zile habari zote. Domina akatoa mkobani karatasi ya tangazo la shule.

"Hii mlitugawia mitaani mkitafuta wanafunzi. Ina Kiingereza, ina Kifaransa. Mlipotutaka mlizijua lugha zetu. Mwanangu alipoanza kuoza sikio, mkaandika Kichina peke yake?"

Khatib akasita. "Nitafsiri yote?"

"Yote. Usipunguze hata neno."

Mwalimu Lin ndiye aliyejibu. "Na mimi nina kosa. Kila asubuhi nilikuona getini. Sikukusimamisha."

"Na mimi sikusimama," Domina akasema taratibu.

Khatib akauliza jambo lake. "Shule hii ina kibali cha kujiendesha, na bodi yake. Mzazi gani yumo?"

"Kuna viti viwili vya wazazi," mkuu akajibu. "Ni vitupu tangu tufungue. Tuliwaita wazazi wachague wenzao, hakuna aliyekuja."

"Mliwaita kwa lugha gani?" Domina akauliza.

Mkuu akamsogezea fomu ya bodi.

Kiti kimoja akakichukua Domina. Kwa cha pili akamfuata Leokadia wa Bukoba, mchuuzi mwenzake, ambaye mwanawe Jovin alisoma shule hiyohiyo.

"Mimi vikao siviwezi," Leokadia akasema. "Nina kontena linafungwa."

"Hata mimi nilikuwa na kontena."

Leokadia akamtazama, akakubali.

Khatib na wanafunzi wenzake wakatengeneza kadi. Upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza: mtoto ana homa, mtoto haoni ubaoni, njoo shuleni kesho. Mwalimu anaweka alama tu. Asiyejua kusoma kabisa anasomewa na jirani siku ileile. Kila mzazi akaandikiwa namba ya mwalimu kwenye simu yake, kwa jina. Kikao kikawa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani na soko limepoa. Na muhuri wa marobota haukugusa tena daftari.

Kalista hakurudishwa darasa. Mwalimu Lin alimkalisha mbele, sikio la kulia likimwelekea yeye. Juni akafaulu.

Kabla ya hapo, mwezi wa Mei, Jovin alirudi nyumbani asubuhi na kadi: sikio linamuuma. Leokadia aliacha mzigo ukiwa nusu, wakaenda hospitali mchana uleule. Wiki moja, mtoto mzima. Akaja kwa Domina akicheka, na mfuko wa machungwa.

"Siku moja tu, Mama Kalista! Kadi asubuhi, dawa mchana! Kazi yako hiyo!"

Domina alifurahi, kwa dhati. Akamwita binti yake aje kumwamkia mgeni. "Kalista!"

Kalista alikuwa mezani, anachora, ubavu wake wa kushoto uko kwao. Hakugeuka.

Domina akainuka, akazunguka meza hadi upande wa kulia, akamwita tena.