Ngoma ya Vuai Yapasuka

Kila siku tukitoka skuli, sisi vijana wanne wa Wesha tulikutana nyuma ya banda la makumbi ya nazi kupiga roki. Roki yenyewe tuliisikia kwenye santuri ya mwenye duka, ikatutia wazimu. Mimi, Khatib, nilikuwa na gitaa la debe lenye nyuzi za mshipi wa kuvulia. Thuwein alipiga sanduku la chai lenye kamba moja nene, Jaribu aliimba, na Vuai alipiga ngoma aliyowambiwa na marehemu babu yake. Bendi tuliiita Radi na mkubwa wake nilikuwa mimi, ingawa hakuna aliyenichagua.

Miaka ile siasa iliwagawa wazee wetu vibaya. Watu wa chama hiki hawakutaka kuwauzia watu wa chama kile, na hata maziko walisusiana. Wazee wangu na wa Vuai walikuwa vyama mbalimbali. Thuwein alikatazwa na baba yake kukaa nasi, na Ame, kijana mwengine wa mtaani, akachukua nafasi yake. Kisha sauti ya Jaribu ikaanza kukwama kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Watu wakamcheka, akajitoa. Nikaimba mwenyewe, na hasira ikaniota kifuani.

Mwalimu wetu alikuwa amekubali tupige siku ya michezo ya skuli. Zilipobaki siku tatu, Vuai alichelewa mazoezi.

"Mvivu mkubwa weye!" nikamfokea mbele ya Ame. "Ngoma kitu gani? Hata mbuzi angepiga!"

Vuai alinitazama, kisha akaiweka ngoma chini. "Nakuachieni, michezo isiharibike. Ila mie sipigi tena na mtu anonitukana. Na usiipashe kwa moto mkali, yakhe."

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Nikawasha makumbi ili ngozi ikaze. Kila nilipokumbuka maneno ya Vuai nilizidi kuuchochea moto, eti nimwoneshe. Ghafla ngozi ikalia pwaa! Ikapasuka toka ukingo hadi ukingo.

Ame alinikuta nimeishika. "Nani kafanya haya?"

"Vuai," nikasema. "Si unawajua watu wa chama chao?"

Uongo ule ulikimbia kuliko mimi. Asubuhi watoto walimrushia Vuai matope njiani. Nami nilipotumwa dukani, nilimkuta Bi Mwanapili, bibi yake Vuai, amesimama na chupa ya mafuta ya taa, tupu.

"Nenda kanunue kwa wenzio, wapasua ngoma!" mwenye duka alimwambia, na watu wakacheka.

Bi Mwanapili aliitua chupa juu ya meza kwa kishindo. "Ngoma ile kaiwamba mume wangu kwa mikono yake. Mjukuu wangu ndiye aipasue? Hamna akili nyinyi?"

Nilijichukia.

"Mie!" nikapiga kelele. "Nimeipasua mie! Vuai hajaigusa!"

Kicheko kilikatika. Mwenye duka akainyakua chupa aijaze, lakini Bi Mwanapili akampokonya.

"Basi sasa mie nimekuwa mtu?" akamwambia. "Mafuta yako kaa nayo." Kisha akanigeukia. "Na weye, twende!"

Siku ya michezo ilipita bila Radi. Nyumbani nilichapwa, na nilistahili. Kila alasiri nilikuwa uani kwa Bi Mwanapili, nikikwangua manyoya kwenye ngozi ya mbuzi ya kuwambia ngoma ile upya hadi viganja vikachubuka. Siku ya nne Vuai alikuja akakaa upande wa pili wa ngozi. Akaanza kukwangua.

"Nisamehe, Vuai," nikasema.

"Bado nina hasira nawe," akajibu. "Lakini hapo hujakwangua vizuri."

Bi Mwanapili aliweka chini ungo wake. Hasira yake nayo ilikuwa haijaisha.

"Sikiliza, Khatib. Ngozi ikipasuka, huchinjwa mbuzi ikawambwa nyengine. Jina la mtu ukilipasua, utaliwamba kwa ngozi ya nani? Wazee wenu tumeshapasuka. Msitufuate."

Siku ya Idi, Radi ilipiga uwanjani. Jaribu alirudi na sauti yake mpya, nzito, na Ame akapiga sanduku. Mbele alikaa Vuai, mkubwa wa bendi, safari hii wa kuchaguliwa. Mimi nilikaa nyuma na gitaa langu, karibu na moto wa kupasha ngoma, nao niliuacha mdogo.