Zulia la Sairakan na Daktari wa Simuni

Katika bonde lote la At-Bashi hapakuwa na mwanamke mjanja wa biashara kama Sairakan. Alikuwa ametapeliwa mara tatu tu maishani, na mmoja wa matapeli hao ndiye mumewe.

Mwaka ule ng'ombe wao alikufa. Tangu hapo walikunywa chai bila maziwa, na mgeni akija, Sairakan alimmiminia huku akitazama pembeni kwa aibu. Basi akatandaza uani shirdak yake, zulia la sufu alilolishona majira yote ya baridi. Akalipiga picha, akaliweka kwenye mnada wa simuni. Mnada ungefungwa baada ya siku saba. Akipata elfu thelathini za som, pesa ya kwao, akauza na kondoo wawili, angenunua ng'ombe wa maziwa.

Siku ya pili dau lilikuwa elfu kumi na mbili. Simu ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya asali alisema yeye ni daktari wa Bishkek, mji mkuu. Angelipa elfu arobaini nje ya mnada, mradi zulia lisafirishwe kesho. Punde akatuma picha ya risiti ya benki.

Sairakan alimbariki hapo hapo, akajipangusa uso kwa viganja kuifunga baraka. Na kwao, ukishambariki mnunuzi, mali si yako tena.

Asubuhi alibeba zulia hadi posta. Mumewe, Tologon, alifuata nyuma mikono mitupu, akitoa maelekezo.

Burulcha, karani wa posta, aliuliza kama pesa zimeingia.

"Hizi hapa," Sairakan akasema, akamwonyesha simu.

"Hiyo ni picha, mama. Mimi nina picha ya farasi, na leo nimekuja kwa miguu."

Akamwambia apigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, si namba ya kupewa na mtu. Benki ikajibu kwamba akaunti ina som mia mbili na kumi na mbili.

"Labda ziko njiani," Tologon akasema.

"Zinakuja kwa punda?" mkewe akamuuliza.

Lakini Sairakan hakutulia. Alishatoa baraka, akirudi nyuma, watu watamwonaje?

"Baraka ni ya mnunuzi," Burulcha akasema. "Huyu amenunua nini?"

Sairakan akaketi juu ya zulia lake, akaomba afundishwe.

Burulcha alimweleza polepole. Anayekutoa nje ya mnada anakutoa penye mashahidi. Ndani ya mnada, wenye mnada hushika pesa za mnunuzi mpaka mzigo umfikie. Ukituma, tunza risiti ya posta na picha za mzigo. Namba ya siri ikija kwenye simu yako, usimpe mtu, hata akijiita waziri. Na ukinunua, soma kwanza wateja wengine wanasema nini juu ya muuzaji, na bei ikiwa ndogo mno, jiulize kwa nini.

Tologon akakohoa. Mwezi uliopita alinunua saa ya dhahabu kwa bei ya soksi. Aliletewa soksi.

Akauliza kama yeye anaweza kupandisha dau la zulia la mkewe kwa jina lingine. Burulcha akamjibu kwamba huo nao ni utapeli, na wangefukuzwa mnadani.

Mnada ulifungwa kwa elfu thelathini na moja. Mnunuzi, mwalimu wa mji wa Osh, alilipa humo humo mnadani, Sairakan akatuma zulia. Lilipofika, pesa zikaingia. Alihakikisha benki, mara mbili.

Wiki iliyofuata Burulcha alikuja kunywa chai ya maziwa. Daktari akapiga tena, akidai zulia alilolipia. Sairakan akafungua spika.

"Nisamehe, daktari. Pesa zako nimeziona. Ila umezidisha elfu kumi. Nifanyeje?"

Daktari akalidaka neno hilo upesi.

"Ni kweli, mama, nilizidisha. Nilikuwa na haraka, mgonjwa alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Nirudishie hizo kumi leo, zulia litafuata."

Burulcha alikuwa akiandika namba ya mpigaji, aipeleke polisi.

"Nitakurudishia, mwanangu," Sairakan akasema. "Niambie tu, ulizidishaje pesa ambazo hukutuma hata som moja?"

Daktari akajibu kwamba mtandao ni mbaya, hasikii kitu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Walimsikia akimeza mate.