Michirizi ya Shingoni

Joto la Surabaya lilikuwa la kukera, na Sekar alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya friji la maziwa dukani, gauni lake la njano limemganda mgongoni.

"Dada, unanunua au unahamia?"

Aligeuka. Kijana mrefu, mtanashati, amevaa koti. Koti, jamani, Surabaya!

"Na wewe, unaumwa au umeiba kitu?"

"La pikipiki hili," alidanganya kijana. Wakacheka.

Ndivyo Sekar, binti wa milimani kule Batu, alivyompata Wiratma, muuza feni ambaye baridi kidogo tu humlaza kitandani. Hilo Wiratma alilificha. Baba yake Sekar alishasema atakayemwoa mwanawe atahamia Batu kutunza matufaha, na Wiratma, mapenzi yamemlevya, akaapa mbele ya mzee kwamba baridi ndiyo raha yake.

Wiki moja kabla ya kuchumbiana, Wiratma akiwa amerudi kutoka Batu kuwasalimia wakwe, Sekar aliona michirizi myekundu shingoni mwake, juu ya kola. Kwao, nani asiyeijua? Baridi ikikupiga, umeingiwa na upepo, unapakwa mafuta, unakwanguliwa kwa sarafu mpaka upepo utoke.

"Mas," akamwita, kama kwao wanavyomwita mpenzi wa kiume, "nani kakukwangua?"

"Mwenyewe."

"Mpaka kisogoni, mwenyewe? Una mikono mingapi?"

Wiratma akaipandisha kola.

"Kuna mwanamke, sema tu!"

Jina moja lingemwokoa, lakini mwenye jina angeulizwa, na siri ingemfikia baba mkwe. Akanyamaza, mjinga yule. Sekar akaondoka analia, akazima simu.

Alipoiwasha siku ya tatu, ikaita papo hapo.

"Sekar, mpenzi, usikate! Aliyenikwangua ni Pak Giman, jirani yangu. Mzee ana mkono kama msasa!"

"Sasa ulinyamazia nini?"

"Baridi ya kwenu, Dik wangu. Kila nikitoka huko nalala natetemeka. Baba yako angejua, ningekukosa."

Alasiri hiyo Sekar alikwenda kwake, akamkalisha barazani na kuchukua sarafu na mafuta. Alipokwangua shingo, michirizi ikatoka myekundu ya kuiva, karibu myeusi, dalili ya upepo mwingi mwilini. Moyo ukamuuma vibaya. Kumbe huyu alikuwa tayari kuumwa maisha yake yote kwa ajili yake!

"Myekundu sana?"

"Kidogo tu, Mas."

Akaichukua simu kwa mkono wenye mafuta.

"Baba, tukioana tutaishi Surabaya."

Simu ikakatwa. Baba yake alikuwa hajawahi kumkatia simu.

"Atapiga," Wiratma alisema.

"Hapigi. Namjua."

Jasho lilimtiririka Sekar kidevuni, na machozi yakapita humohumo.

"Mahari yangu ni feni, Mas. Kubwa kuliko zote ulizonazo. Na ukinikuta nimekaa mbele yake nalia, usiniulize kitu. Nitakuwa nimekumbuka nyumbani."