Dafroza na Tiba ya Xaveria

Dafroza alikuwa anamenya ndizi za mchana pale pikipiki ilipokata kona na kuingia kwa Xaveria. Kisu kikasimama mkononi. Aliijua ile pikipiki. Ilikuwa ya Prudensia, mshauri wa afya ya akili katika kituo cha afya.

"Amekuja tena," alisema. "Hii ni mara ya tatu."

"Nani?" aliuliza mumewe, Rweyemamu. Alikuwa anageuza kahawa kwenye turubai.

"Mshauri. Kwa Xaveria anafika mpaka nyumbani. Sisi wengine tunapangwa kwenye baraza la kituo kama watoto wa darasa la kwanza. Si ajabu, yeye na Xaveria wote wawili wametoka kijiji cha Kihanga."

"Kama unataka pikipiki, nitaazima ya jirani yetu Dastan niizungushe hapa uani."

Dafroza hakucheka.

Yeye na Xaveria waliolewa na ndugu wawili. Vibanja vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilipakana huko Bweranyange. Mwaka jana Xaveria alifiwa na mtoto wa miaka minne. Dafroza hakufiwa. Hakuibiwa wala hakupigwa. Tangu masika moyo wake ulikuwa mzito tu. Usingizi ulikatika, chakula kilikosa ladha, kazi ndogo ilimchosha.

Wote wawili walikwenda kituo cha afya kutafuta msaada. Huko walikuta utafiti wa kulinganisha namna mbili za kutibu huzuni. Walielezwa, wakakubali, wakatia saini. Kila mmoja alipewa bahasha iliyofungwa. Bahasha ya Xaveria ilimweka katika kundi ambalo kila mgonjwa anapangiwa mazungumzo yake kulingana na shida yake. Bahasha ya Dafroza ilimweka katika kundi la masomo manane, yale yale kwa wanakundi wote tisa.

Somo la kwanza lilisema: chagua kazi moja ndogo kila siku, uifanye hata kama huna hamu. Dafroza alikuwa ameanza. Siku moja alifagia uwanja. Siku ya pili alipeleka maziwa kwa Mzee Elipidius. Usingizi ukaanza kurudi kidogo kidogo. Lakini ile pikipiki ilimchoma.

"Xaveria ana kaburi," aliwaza. "Watu wanamwonea huruma. Mimi sina hata sababu ya kulia." Aliona haya kwa wazo hilo, lakini halikuondoka.

Jioni walikutana kisimani.

"Mama Joanitha," Dafroza alimwambia Xaveria, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, "huyo mshauri anakufundisha nini?"

"Ananisaidia nisiukimbie msiba. Kila alasiri nakaa nusu saa, namkumbuka mtoto. Nalia nikitaka kulia. Kisha nanawa uso, natoka na shemeji yako Cassian kwenda shambani."

Dafroza alijitwisha ndoo yake kwa haraka. Alikuwa amepata alichokitaka. Kwao, jirani akipona kikohozi, unamwomba vidonge viwili vilivyobaki. Kwa nini tiba hii iwe tofauti?

Akaacha kazi yake ndogo ya kila siku. Akaacha na masomo. Kila alasiri alijifungia chumbani akumbuke. Lakini akumbuke nini? Alichimbua maneno ya mama mkwe siku ya harusi. Alichimbua shule aliyoiacha darasa la tano. Alichimbua mbuzi aliyeahidiwa na shangazi, hakumpata hadi leo. Nusu saa ikawa alasiri nzima. Baada ya wiki mbili hakuamka kupika. Rweyemamu alipika maharage yakaungua. Dafroza hakusikia hata harufu.

Rweyemamu akapiga simu kituoni.

Kesho yake pikipiki iliingia uani kwao. Dafroza aliisikia akiwa kitandani. Alikuwa ameitamani mwezi mzima. Sasa imekuja, na hakuona furaha yoyote.

"Shikamoo, mama," Prudensia alisema, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Marahaba. Umepotea njia? Kwa Xaveria ni pale."

"Leo nimekuja kwako."

Dafroza alijiinua kitandani. Kisha maneno yakamtoka yote: pikipiki, kaburi, mazungumzo ya kisimani na ile tiba aliyoiga.

"Wivu umenila, mwanangu. Ulimpa yeye tiba nzuri, mimi ukanipa makapi."

Prudensia hakumkemea.

"Mama, unaikumbuka bahasha? Mimi pia sikujua kilichomo. Kompyuta ilipanga kama kura, ili mtu yeyote asipendelee ndugu yake wala mtu wa kwao."

"Basi kura ilinipa mbaya."

"Hatujui. Ndiyo maana tunapima. Masomo yako si makapi. Yameshasaidia wengi. Ile ya kumpangia kila mtu ya kwake inaweza kuwa bora. Inaweza kuwa sawa tu. Kama tungejua ipi ni bora, tungewapa wote."

"Mbona ya Xaveria imeniumiza?"

"Mambo ya wagonjwa wengine siyazungumzi. Nitasema hili tu: mtu aliyefiwa na mtu asiyefiwa hawaumwi namna moja. Na huzuni ni ugonjwa hata ikija bila sababu. Huhitaji kaburi ili utibiwe."

Dafroza alifunika uso kwa khanga, akalia.

Prudensia alisubiri. Kisha akauliza waziwazi, "Mama, umewahi kuwaza kufa?"

"Sijapanga kitu. Ila juzi nilitamani nisiamke."

"Asante kwa kuniambia. Leo hii tunakwenda kumwona daktari, na mumeo anakuja nasi. Ukizidiwa, hatusubiri utafiti uishe. Na ukitaka kujitoa, jitoe. Utatibiwa vilevile."

Daktari alimpima na kumpangia siku za kurudi. Rweyemamu aliambiwa asimwache peke yake wiki ile. Alimfuata kila mahali mpaka Dafroza akamuuliza kama wameoana upya. Dafroza hakujitoa katika utafiti. Alirudi kwenye masomo, akaanza tena na kazi moja ndogo. Ilipofika wiki ya saba ya masomo alikuwa analala hadi jogoo awike, na chakula kilikuwa na ladha tena.

Siku moja alichagua kutandaza nyasi kavu kwenye kahawa. Xaveria alivuka mpaka na mzigo wa nyasi kichwani.

"Nikusaidie?"

"Saidia. Lakini ujue, nilikuonea wivu mpaka nikaugua."

Xaveria aliushusha mzigo.

"Wewe? Mimi ndiye niliyekuonea wivu wewe! Kila Alhamisi nawasikia mnarudi kutoka darasani, mnacheka njia nzima. Mimi ninakaa na mshauri mmoja, analia mtu mmoja."

"Tunamcheka Benadeta. Anasinzia kila somo, halafu anajibu maswali yote."

Xaveria alicheka. Kisha akauliza, "Unadhani mwisho watasema ipi ni bora?"

"Bado miezi mingi. Watatuita watuambie."

"Ikiwa ni yangu?"

Dafroza alitafuta kile kichomi ndani yake. Kilikuwepo, kidogo.

"Nitaumia," alisema. "Kisha nitaiomba na mimi."

Walitandaza mistari minne. Jua likazama. Ilibaki mistari mitano, na miwili ilikuwa imeota magugu.

"Nimalizie hii?" Xaveria aliuliza.

"Acha. Hiyo ni kazi yangu ndogo ya kesho."