Walisema Mama Aliuawa na Presha

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Nakuru. Mume tuliachana zamani, na kwa hilo silii tena. Ninalolilia ni lingine. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni, kwa maana nimechoka kunyamazishwa!

Kwa miaka mingi nilichuma maua Naivasha, nikiishi kwenye chumba cha kupanga kule Karagita. Mama alipozidi kuzeeka niliacha kazi, nikarudi nyumbani Nakuru, mtaa wa Section 58, kumtunza. Nyumba yetu ni ya zamani. Marehemu baba, aliyekuja kutoka Magharibi kufanya kazi ya reli, aliinunua ikiwa tayari imechoka. Kuta zake za mawe ni imara hata leo. Lakini waya zilizopita ndani ya kuta hizo...

Wiki ile ya kwanza nilimwona Mama akienda kuoga na gambuti. Ndiyo, zile buti ndefu za mpira za shamba! Nikacheka, nikamuuliza kama bafu limegeuka boma la ng'ombe.

"Maji yananiuma, Beti," akasema. "Nikivaa hizi yanapunguza."

Nikaenda kufungua mfereji mwenyewe. Mkono ukarushwa nyuma, bega likafa ganzi. Sikucheka tena.

Kaka yangu Wycliffe ndiye kifungua mimba, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho kwetu. Haishi pale, lakini alikuwa amejenga vyumba vya mabati nyuma ya nyumba na kuweka wapangaji. Stima yao aliivuta kutoka kwa waya zile zile za baba. Pasi, friji, koili za kupikia... zote zikaning'inia kwa waya za mzee! Juu ya hayo akamwekea Mama shawa ya umeme. Nilipomweleza habari ya maji alicheka.

"Hiyo ni stima kidogo tu. Inachangamsha damu ya wazee."

Je, ningenyamaza? Nilileta fundi mwenye leseni. Alipima, akatikisa kichwa, akasema nyumba nzima inataka waya mpya. Wycliffe hakutaka hata kusikia. Basi fundi akafunga kifaa kidogo kwenye boksi la stima, kifaa kinachokata umeme chenyewe mara tu unapovuja. Akanionya pia, mtu akishikwa na stima nisimguse kabla sijazima swichi kubwa.

Kifaa kile kilifanya kazi yake! Stima ikakatika asubuhi, ikakatika jioni... Wapangaji wakanung'unika, Wycliffe akanipigia simu akifoka. Nikamwambia inakatika kwa sababu inavuja, tengeneza waya! Akanikatia simu.

Siku moja nilitoka sokoni nikamkuta Mama anatabasamu. Wycliffe alikuwa amekuja. Alimwambia ameleta fundi wake, na kila kitu kimetengenezwa. Hata mimi alinipigia akanihakikishia hivyo hivyo. Na kweli, stima haikukatika tena. Mama akambariki mwanawe kwa maombi marefu, akaweka gambuti zake stoo.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Mama alikuwa bafuni akijitayarisha kwenda kanisani. Nikasikia sauti... haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa pumzi. Kisha kishindo.

Nilimkuta sakafuni, mkono bado umeganda kwenye mfereji. Mungu wangu! Kila mshipa wa mwili wangu ulitaka kumrukia. Nikageuka, nikakimbilia boksi, nikazima swichi kubwa, ndipo nikamrudia. Nilimbonyeza kifua huku nikiita majirani, nikambonyeza mpaka mikono ikaisha nguvu. Mama alikuwa ameenda.

Hata machozi hayajakauka, Wycliffe alikuwa anawaambia watu ni presha. Na mimi je? "Huyu alimwacha Mama chini akakimbilia swichi!" alisema mbele ya shangazi zangu. Tangu hapo hakuna aliyenishika mkono. Nilipika chai ya matanga, nikainywa peke yangu.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nikisugua sufuria wakati Mama Brayo, mmoja wa wapangaji, alipokuja akachuchumaa kando yangu.

"Auntie, hii kitu inanikosesha usingizi," akasema. "Ile siku ulienda soko, hakukuja fundi. Ni brother yako mwenyewe alifungua boksi na pliers. Alisema amechoka na sisi kumpigia kuhusu stima."

Niliacha sufuria hapo hapo. Nikafungua boksi... Kifaa kilikuwepo, kimekaa kama pambo. Kando yake palipita kipande cha waya, kimerukishwa juu ili stima isipitie kwenye kifaa kabisa!

Baba Mdogo, ndugu ya marehemu baba, alikuwa anaongoza mkutano wa mazishi. Nilisimama mbele ya wote nikasema Mama hakuuawa na presha. Nikawapeleka kwa boksi, nikawaonyesha. Wycliffe akaangalia viatu vyake.

"Nilitaka tu wapangaji watulie," akasema.

Unadhani walimkemea? Baba Mdogo alinigeukia mimi. "Binti yangu, mambo ya nyumba hayaanikwi nje. Mwombe kaka yako msamaha, tuzike kwa amani."

Mimi ndiye niombe msamaha!

"Baba Mdogo," nikamjibu, "ningemgusa Mama kabla ya kuzima ile swichi, leo mngekuwa mnachimba makaburi mawili. Sitaomba."

Tulizika. Niliporudi nilizima stima ya boma lote, nikatia boksi kufuli. Wapangaji wengine walihama wakinitukana. Wycliffe akaja na mtu wa kuvunja kufuli, nikasimama mbele ya boksi, mgongo ukutani.

"Utakaa gizani mpaka lini?" akaniuliza.

"Mpaka waya zote za baba zitoke!"

Akaondoka. Niliuza friji, nikauza makochi, nikamrudisha yule fundi. Alipozivuta waya zile, mpira uliozifunika ulimomonyoka mkononi mwake kama biskuti iliyooza. Hizo ndizo zilizokuwa zimelala juu ya kitanda cha mama yangu! Leo nyumba ina waya mpya, vyumba vya nyuma vina laini yake ya stima, na Mama Brayo bado ni jirani yangu.

Wycliffe hanisemeshi. Harusi za ukoo mimi huzisikia kwa watu tu. Wanasema niliuza jina la familia kwa sababu ya waya. Waseme!

Ndugu msomaji, kama unaishi kwa nyumba ya zamani na mfereji unakuuma, au soketi inanuka moshi, usiseme ni kawaida. Tafuta fundi mwenye leseni leo. Kifaa kikikata stima, kinakuokoa, usikubali mtu akirukishe. Usingoje mkubwa wa boma akupe ruhusa ya kuishi, kama nilivyomwona Mama akingoja. Watakuita mkorofi. Itika! Mimi huitika kila siku, na katika nyumba hii hakuna mwingine atakayezikwa kwa ajili ya kumheshimu mtu.